Wakuu, natafuta watu kwa umri kwenye programu ya ukoo: inanipa mtoto mchanga wa miaka 28 na mama aliyejifungua akiwa na miaka tisa

#1 Mleta uzi, Tanga

Wakuu, salaam.

Huu ni mwaka wa tatu nakusanya shajara ya ukoo wetu upande wa mama, kuanzia Pangani hadi Pemba. Nilianza na daftari, likajaa, nikahamia kwenye kompyuta. Natumia Gramps, ile programu ya bure. Mpaka leo nimeshaingiza watu 612.

Wazee wamekubaliana tukutane baada ya Idd, na mimi nimepewa kazi ya kuandaa taarifa. Wanataka mambo matatu: nani katika ukoo alifikisha miaka 80, akina mama walikuwa na umri gani walipojifungua mtoto wa kwanza, na ni watoto gani waliofariki kabla ya kutimiza miaka mitano. Hilo la tatu ameliomba bibi mwenyewe. Yeye alizika watatu, na anataka majina yao yasomwe siku hiyo mbele ya watu.

Nilidhani ni kazi ya jioni moja. Nikafungua kile kidirisha cha "Age on Date", unaandika tarehe, unabonyeza, kinakuletea kila aliyekuwa hai siku hiyo pamoja na umri wake. Nikaandika 9 Desemba 1961, siku ya uhuru wa Tanganyika. Majina yakatoka, nikayapanga kwa umri. Katikati ya vijana wa wakati ule nikakuta jina la mjomba aliyefariki hajaota hata meno. Programu inasema siku hiyo alikuwa na miaka 28.

Nikahamia kwa akina mama. Mmoja amejifungua akiwa na miaka tisa.

Nimeshindwa kulala. Hii ni kasoro ya programu, au ni mimi nilivyoingiza? Na kuna namna ya kuiambia tu "nipe wote waliokufa chini ya miaka mitano"?

#2 Mchangiaji, Mombasa

Pole mkuu, na hongera kwa kazi. Watu 612 si mchezo.

Programu haijakosea. Kitu cha kwanza kukielewa ni kwamba umri haumo mule ndani. Wewe umehifadhi tarehe mbili, ya kuzaliwa na ya kufa, na kila unapouliza umri inafanywa hesabu ya kutoa pale pale. Tarehe moja ikiwa ya kubahatisha, jibu nalo ni la kubahatisha, lakini ukilisoma kwenye orodha linafanana kabisa na la mtu mwenye cheti.

Mjomba wako hana tarehe ya kifo, siyo? Gramps ikikosa tarehe ya kifo hukisia, na kwa kawaida humhesabu mtu kuwa huenda yu hai mpaka atimize miaka 110. Kiwango hicho kimo kwenye mipangilio na unaweza kukibadilisha. Kwa hiyo yule mtoto ameendelea kukua ndani ya kompyuta mwaka hadi mwaka, kwa sababu hakuna aliyeiambia kwamba alikufa.

Muulize bibi. Asipojua mwaka, muulize kama mtoto alikuwa ameshaanza kukaa, kutambaa, au kama alikuwa ameachishwa ziwa. Akikwambia "alikuwa bado ananyonya" na unajua alizaliwa 1933, basi andika kifo kati ya 1933 na 1935. Programu inaielewa hiyo "kati ya", huna haja ya kuigeuza kuwa siku moja.

Kuhusu yule mama, hebu itazame tarehe yake ya kuzaliwa. Nina wasiwasi utakuta 1 Januari.

#3 Mleta uzi

Umejuaje? Ni 1 Januari 1930 kweli. Mwanawe ana cheti cha kuzaliwa cha 1939, hicho hakina shaka, nimekishika kwa mikono yangu.

Nimechuja watu wote wenye kuzaliwa 1 Januari. Wametoka 47. Arobaini na saba kati ya 612! Wengine nilinakili kutoka kwenye vitambulisho: mzee alifika dirishani, akasema mwaka kwa kukadiria, siku hakuijua, karani akajaza ya kwanza ya mwezi wa kwanza ili fomu iishe. Lakini wengi wao ni mimi mwenyewe niliyeandika. Sikujua mwaka, nikaona kisanduku kitupu kinanitazama, nikaweka namba.

#4 Mchangiaji, Mombasa

Hapo ndipo palipo na mzizi wa jambo lote. Kisanduku kitupu hakina dhambi. Tarehe uliyoibuni ndiyo itakayokusumbua, maana mwaka kesho utakuwa umesahau kwamba uliibuni.

Mimi hufanya hivi. Mwaka ninaokisia nauwekea alama ya kukisia, au naandika "kati ya 1918 na 1922". Kwa Gramps ukimweka mtu hivyo, umri wake wa kufa nao utakuja kama makadirio, hautajifanya namba kamili. Kuna tahadhari moja ambayo iligharimu wiki zangu mbili: ukiandika "yapata 1920", kichujio cha tarehe huichukua "yapata" kwa upana wa miaka 50 kila upande. Mtu wa yapata 1920 atajitokeza ukitafuta waliozaliwa 1875, na atajitokeza tena ukitafuta waliozaliwa 1965. "Kabla ya" na "baada ya" nazo zina upana huo huo wa miaka 50. Ingia kwenye mipangilio uipunguze. Mimi nimeweka mitano. Lakini kila ninapoweza naacha "yapata" na kuandika mipaka miwili mwenyewe, kwa sababu mipaka hiyo naijua imetoka wapi.

Na mipaka inatoka kwa wazee. Kwetu mtu mzima hakutajii mwaka, anakutajia jambo. Basi uliza kwa majambo: Maji Maji 1905 hadi 1907, vita vya Wajerumani 1914 hadi 1918, yale mafua makubwa yaliyokuja vita vinakwisha, Mapinduzi ya Unguja 12 Januari 1964, vita vya Kagera 1978 na 1979. Huku kwetu kuna wanaohesabu kwa reli, iliyoanza kujengwa hapa Mombasa 1896 na kufika Kisumu 1901. Halafu usiulize "ulikuwa na miaka mingapi?" Uliza "ulikuwa unabebwa mgongoni, unachunga mbuzi, umeshaingia jandoni, au una mtoto?" Jibu la swali hilo mzee halikosei. Bibi yangu mzaa baba alisema vita vya Wajerumani vinaanza yeye alikuwa anatumwa maji kwa kibuyu kidogo, si kwa mtungi. Nikakaa na mama yangu tukakadiria: mtoto wa kibuyu kidogo ni wa miaka mitano hadi minane. Basi kazaliwa kati ya 1906 na 1909. Nimeandika hivyo, na chini yake nimeandika neno lake la kibuyu kama alivyolisema.

Jambo la mwisho kwa leo. Ukisikia umri umetajwa, iwe kwenye kaburi, kwenye hati ya ndoa au mdomoni, usiugeuze haraka kuwa mwaka wa kuzaliwa. Uhifadhi kama ulivyotajwa. Kwenye Gramps unaufungua ule ushiriki wa mtu katika tukio, unaongeza sifa ya aina ya umri, unaandika "75". Hata faili za GEDCOM, zile za kuhamishia data ya ukoo kutoka programu moja hadi nyingine, zina mahali pa umri uliotajwa kwenye tukio, tofauti na tarehe. Kwa hiyo unabaki na vitu viwili: walivyosema watu na ilivyokokotoa mashine. Vikitofautiana, una la kuchunguza. Ukishauyeyusha mmoja ndani ya mwingine, huwezi tena kuona tofauti.

#5 Mdau, Muscat

Assalaam alaykum. Nimezaliwa Pemba, nipo huku tangu utoto, na naona hakuna aliyetaja la Hijria. Kwa ukoo wa pwani hili haliepukiki.

Babu yangu alikuwa akiandika kuzaliwa kwa wanawe kwenye ukurasa wa mwanzo wa msahafu, kwa herufi za Kiarabu, lugha Kiswahili. Wino umegeuka rangi ya kahawa. Mstari wa tatu unasema kijana wake amezaliwa usiku wa Ijumaa, 13 Mfungo Sita 1341. Mfungo Sita ndio Rabiul Awwal, vijana wengi sasa hawajui hesabu hii, wanadhani ni mwezi wa sita. Gramps ina kalenda ya Kiislamu, kwa hiyo niliingiza tarehe kama ilivyoandikwa, na ukiigeuza inatoka 3 Novemba 1922, ambayo ni Ijumaa kweli. Nilipoona siku imelingana nilifurahi mno.

Lakini angalieni: kwetu usiku hutangulia mchana. Usiku wa Ijumaa ni ule unaoanza Alhamisi jua likizama. Mtoto huyo kwa kalenda ya Miladi huenda alizaliwa Alhamisi usiku, 2 Novemba. Kwa umri wa miaka haidhuru, kwa mtu anayetaka siku kamili inadhuru. Na mwezi wa kuandama unaweza kupishana siku moja na hesabu ya mashine.

Sasa kuhusu umri. Huyo ami yangu alifariki 20 Agosti 2000. Mazishini alitajwa kuwa na miaka 80. Programu ikatoa 77. Binamu yangu akasema msahafu umekosewa, mwingine akasema wazee walizidisha. Hakuna aliyekosea. Mwaka wa Hijria una siku 354 au 355, hivyo miaka 33 ya Hijria ni kama 32 ya Miladi. Kwa Hijria alikuwa ametimiza 80, kwa Miladi alikuwa 77. Kwa hiyo mleta uzi, kwenye ile orodha yako ya waliofikisha 80, amueni kwanza ni 80 ya kalenda ipi, la sivyo mtaacha watu nje ambao wazee wenyewe wanawahesabu kuwa ndani.

Ukitoa faili ya GEDCOM kumpelekea ndugu anayetumia programu nyingine, zikague tarehe za Hijria baada ya kuhamisha. Toleo la 5.5.1, ambalo ndilo bado limeenea, linataja kalenda ya Kiyahudi na ile ya Mapinduzi ya Ufaransa, ya Hijria halina.

#6 Mchangiaji, Nairobi

Kazi yangu ni takwimu, niongeze dogo. Chukua umri wote *uliotajwa* kwenye kumbukumbu zako, upange, uhesabu ni mingapi inaishia na 0 au 5. Watu wakitaja umri kwa kukadiria hukimbilia 30, 35, 40, 60. Kipimo cha Whipple kinafanya hivyo kwa watu wa miaka 23 hadi 62: unahesabu wenye umri unaoishia na 0 au 5, unazidisha kwa 5, unagawanya kwa watu wote wa umri huo, unazidisha kwa 100. Ukipata 100, umri umetajwa bila kurundikana. Ukipata 500, kila mtu ametajwa kwa tano tano.

Na si la Afrika peke yake. Sensa ya Uingereza ya 1841 iliwaagiza makarani washushe umri wa waliozidi miaka 15 hadi tano iliyo chini yake. Mtu wa miaka 39 akaandikwa 35. Wanaotafuta mababu zao kule, wasipolijua hili, wanapishana nao kila siku.

#7 Mleta uzi

Nashukuru sana wote, mdau wa Muscat nimekusoma mara tatu. Tarehe za Hijria ninazo 19, zote nilizigeuza mwenyewe kwa kutoa namba kichwani. Nazirudisha kama zilivyokuwa.

Bado swali langu la mwanzo: orodha ya waliofariki chini ya mitano naitoaje, ikiwa tarehe nyingi ni za "kati ya"?

#8 Mchangiaji, Mombasa

Mimi kwa hilo naipeleka kwenye lahajedwali. Ukiwa kwenye orodha ya watu, toa ile orodha kama CSV, yaani faili ya maandishi yenye safu zilizotengwa kwa mkato, ifungue kwa LibreOffice. Sikushauri Excel kwa kazi hii, kwa sababu tarehe zake zinaanza 1900. Mtu wa 1887 inamchukua kama maandishi tu, ukikokotoa umri wake inakurudishia kosa.

Kisha ongeza safu nne kwa kila mtu: mwaka wa mapema kabisa anaoweza kuwa amezaliwa, wa mwisho kabisa, na vivyo hivyo kwa kufa. Umri mkubwa unaowezekana ni mwaka wa mwisho wa kufa ukitoa mwaka wa mapema wa kuzaliwa. Umri mdogo ni mwaka wa mapema wa kufa ukitoa mwaka wa mwisho wa kuzaliwa, halafu punguza moja, maana aliyezaliwa 1933 na kufa 1938 anaweza kuwa na minne au mitano kutegemea miezi. Ikitoka chini ya sifuri, andika sifuri.

Tuchukue mjomba wako. Kuzaliwa 1933, kufa kati ya 1933 na 1935. Umri mkubwa ni 2, mdogo ni 0. Huyo yumo kwenye orodha bila ubishi. Mwingine aliyezaliwa kati ya 1940 na 1942 na kufa 1946, mkubwa 6, mdogo 3. Huyo mweke kwenye fungu la "huenda", uende nalo kwa wazee. Mafungu yawe matatu: hakika, huenda, hapana. Usilazimishe mawili.

Kabla ya hayo, pitisha ile zana ya ukaguzi, "Verify the Data". Itakutajia mama waliojifungua chini ya miaka 17 au zaidi ya 48, baba chini ya 18 au zaidi ya 65, na aliyepita miaka 90. Hizo ni kengele, si hukumu. Na uzirekebishe zifanane na watu wako: inashtuka mtu akiwa na wenza zaidi ya watatu, au baba akiwa na watoto zaidi ya 15. Kwa ukoo wa wake wanne itapiga kelele kila ukurasa, na ile kengele ya kweli utaipita bila kuiona.

#9 Mchangiaji, Unguja

Naomba niseme kama mwanamke kwenye uzi huu. Ile orodha ya pili, ya umri wa mama alipojifungua mtoto wa kwanza, kaka yangu uiangalie sana kabla ya kuisoma hadharani.

Kwetu mtu alitoa taarifa kama hiyo kwenye kundi la WhatsApp la familia. Ilikuwa na safu ya mwaka wa ndoa na safu ya mtoto wa kwanza, bega kwa bega. Kila mwenye macho alitoa mmoja kwa mwingine. Shangazi yetu, mtu mzima wa heshima zake, alisoma mbele ya wajukuu kile alichokinyamazia maisha yake yote. Alitoka kwenye kundi usiku ule, na harusi iliyofuata hakuja. Na ndiyo hayo hayo mliyoyasema hapa juu: mwaka wa ndoa ulikuwa wa kukisia, aliyeuandika aliuweka tu.

Programu ina alama ya kufuli ya kufunga kumbukumbu iwe ya siri, na unapotoa taarifa unaweza kuchagua za siri zisitoke na walio hai wasitajwe. Itumie. Na kwa hao mama walio hai, mwombe kila mmoja ruhusa, uso kwa uso.

#10 Mleta uzi

Dada wa Unguja, nakushukuru kwa moyo. Orodha ya pili nimeiondoa. Nimewaambia wazee, nao wamekubali.

Nimemaliza wiki mbili za kusafisha. Wale 47 wa 1 Januari wamebaki watatu, ambao wana cheti kweli cha siku hiyo. Yule mama wa miaka tisa sasa kazaliwa kati ya 1919 na 1923, kwa maneno ya mdogo wake aliye hai kwamba dada yake alichezwa unyago mwaka mmoja kabla ya nzige wakubwa. Waliofikisha 80 nimewaandika mara mbili, kwa Hijria 31 na kwa Miladi 26, na majina matano yaliyo katikati nimeyawekea maelezo.

Watoto. Mara ya kwanza programu ilinipa tisa. Sasa ni 23 kwa hakika, na sita wa "huenda". Kumi na wanne hawakuwa wakionekana kwa sababu kila mmoja alikuwa na kuzaliwa bila kufa. Nilipowapanga kwa mwaka nikaona wanne wa nyumba tatu tofauti wamefariki ndani ya mwaka mmoja, 1951. Sikuwa nimewahi kuwaona pamoja, kila nyumba ilikuwa kwenye tawi lake. Nimempigia bibi simu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema ilikuwa surua, iliingia baada ya mvua za vuli, na akanitajia wa tano ambaye sikuwa naye kabisa, hakuwahi kupewa jina kwenye karatasi yoyote. Kwao alikuwa akiitwa kwa jina la utani tu.

Nimemwingiza. Kuzaliwa kati ya 1948 na 1950, kufa 1951, umri uliotajwa: "anaanza kusema". Wale sita wa "huenda" nimewachapa kwa herufi kubwa ili bibi aweze kusoma, na Jumamosi napanda basi la asubuhi kwenda Pangani nikae naye.